Madamu Asiyejua Kiingereza

Kwa miaka kumi na tisa Orysia Hnatiuk hakujua Kiingereza kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, na wikendi kila palipokuwa na mtoto ndani ya hatua hamsini.

Kiingereza ndiyo lugha aliyokulia. Alilelewa kwenye shamba la ngano karibu na Dauphin, na bibi aliyemwombea kwa Kiukraine na kumgombeza kwa Kiingereza. Kifaransa alikipata shuleni, kama alivyopata tetekuwanga, ila hiki hakikupona. Sasa anafundisha darasa la pili la Kuzama hapa Wexley, Manitoba. Kuzama maana yake ni kwamba kila kitu, kuanzia hesabu hadi kufunga zipu ya koti, hufanywa kwa Kifaransa. Watoto wetu huota kwa Kiingereza, hugombana kwa Kiingereza, na wakifika miaka mitano tunawachovya kwenye Kifaransa kama andazi kwenye chai, kisha sisi wazazi tunakaa pembeni kuona kama watalowa au watakatika.

Na Madamu, kama watoto wanavyomwita, hajui Kiingereza. Hilo halikuandikwa popote, lakini mji mzima unalifuata kuliko unavyofuata vibao vya mwendo kasi. Mtoto wa miaka saba ni bahili wa nguvu zake. Hawezi kuhangaika na lugha ngumu mbele ya mtu anayeielewa ile rahisi. Mwalimu mmoja wa mji wa jirani aligonga ugoko kwenye meza mwezi wa Oktoba, akatamka neno moja la Kiingereza, tena si zuri. Kufikia Krismasi darasa lake lote lilikuwa linaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza, na Kifaransa kikabaki kwenye kalenda ya ukutani.

Kwa hiyo tulijifunza kumtunza. Muuza nyama wa duka la ushirika atakuwa anamsimulia habari za mgongo wa mama mkwe wake, na Madamu anaitikia, "Pole jamani, na daktari kasema nini?" Ghafla Madamu anakata, ananyooshea kidole soseji, anaonyesha vidole vinne na kutabasamu kama mtalii. Muuza nyama hageuki kutazama. Anajua mtoto ameingia. Anafunga soseji nne, na mgongo wa mama mkwe unasubiri.

Mwaka ninaosimulia, alikuwa na watoto ishirini na mmoja. Kila asubuhi mmoja wao hupanda kigoda, hutazama dirishani na kutangaza hali ya hewa kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayetangaza vita. Mwezi wa Januari tangazo huwa ni lile lile: ni baridi, jana ilikuwa baridi, kesho tusitarajie makubwa. Kisha tarehe, kisha hesabu, kisha kusomeana wawili wawili, huku Madamu akizunguka na kuwaokota waliodondokea kwenye Kiingereza. "Sielewi," humwambia aliyedondoka, kwa uso wa huruma. Mtoto anahema, anakwea tena.

Mmoja alikuwa hakwei. Brynlee Fehr, miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, hoja zote zipo. Tangu Septemba Kifaransa chake kilikuwa ndiyo, hapana na choo. Yaliyobaki aliyasema kwa Kiingereza, akamalizia kwa mikono, na alikuwa na mikono fasaha. Alilelewa zaidi na babu yake, Murray Fehr, mkulima wa kanola, zao la mbegu za mafuta. Wengine wanasema ni yeye aliyemlea babu.

Januari ni mwezi wa kazi iitwayo Swali Langu. Masharti yamebandikwa ukutani, na aliyeyaandika ni Madamu mwenyewe, jambo alilokuja kulijutia: swali liwe lako, lijibiwe kwa kutazama na kujaribu, ushahidi usipungue mara tatu, bango na maelezo yote kwa Kifaransa, mbele ya darasa. Emmett aliuliza kama ng'ombe hulala wamesimama. Priya aliuliza glovu ya sufu yenye theluji huchukua muda gani kukauka juu ya kipasha joto, na kwa wiki mbili darasa likanuka kondoo. Brynlee aliweka karatasi mezani kwa Madamu na kusimama, mikono nyuma.

Karatasi ilisema: *Je, Madamu anajua Kiingereza?*

Madamu aliisoma mara mbili. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kifaransa ambayo mtoto huyo aliandika bila kunakili ubaoni, na haikuwa na kosa hata moja. Akainua macho kwenye masharti, akitafuta alilovunja.

"Ni swali lako mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo," akasema Brynlee.

"Linaweza kujibiwa kwa kutazama?"

Brynlee alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Ndiyo."

Madamu akatia saini. Angefanya nini? Alikuwa amewafundisha kwa wiki nzima kwamba hakuna swali baya.

Jioni hiyo mumewe, Glen, alicheka mpaka akaketi kwenye boksi la viatu.

"Mwambie abadilishe," akasema alipopata pumzi. "Mpe sungura. Watoto wanapenda sungura."

"Na nimwambieje kwa nini? Nikikataa, huo ni ushahidi wa kwanza."

"Basi umekwisha, mke wangu. Yule mtoto mwaka jana alimkamata mchungaji anakula biskuti za Jumapili."

"Glen, akilisema tu mbele ya wenzake, darasa langu limekufa. Mpaka Juni nitakuwa naongea peke yangu."

"Kwani mimi ninaongea na nani humu ndani?" akasema Glen, akatupiwa kiatu.

Uchunguzi ukaanza. Brynlee alibeba daftari lenye kamba, akalivaa shingoni kama refa. Jumanne alisimama nyuma ya Madamu na kusema kwa Kiingereza, kwa utulivu, kwamba kuna nyigu kwenye kola yake. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, nyigu wa mwisho alikufa mwezi wa tisa, na bado Madamu ilimbidi aushike mkono wake kwa mkono wa pili. Jumatano Brynlee alimwambia Priya kichekesho cha Kiingereza kuhusu bata anayeingia benki. Kilikuwa kichekesho kizuri, hapo ndipo ubaya ulipo. Madamu aligeukia kabati la rangi, akahesabu chupa zote, akazihesabu tena, mabega yakimtetemeka.

"Madamu analia?" akauliza Emmett kwa Kifaransa.

"Ana mafua," akajibu Madamu kutoka ndani ya kabati.

Brynlee aliandika kitu.

Alhamisi alikwenda kwa muuza nyama akamhoji. Muuza nyama alikiri baadaye kwamba hajawahi kubanwa vile hata na watu wa kodi. Alichosema tu ni kwamba Madamu anapenda soseji. Alisema mara tisa.

Basi hapo ndipo ilipoingia fainali ya mawe.

Mji wetu una mchezo mmoja tu wa kufa na kupona, nao ni huu: watu wanne wanasukuma jiwe zito lenye mpini, liteleze juu ya barafu hadi kwenye duara la upande wa pili. Mmoja anarusha, wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa mifagio ili lifike mbali zaidi, na nahodha anasimama kule kwenye duara, akipiga kelele lini wafagie na lini waache. Kelele ndiyo kazi. Nahodha bubu ni sawa na jogoo aliyechinjwa. Madamu ndiye nahodha wa Wexley kwa mwaka wa sita. Glen hurusha mawe ya mwisho. Wafagiaji ni Darlene wa duka la dawa, na Murray Fehr, babu mtu.

Miaka yote walicheza Jumanne usiku, watoto wakiwa wamelala. Mwaka huo dhoruba ilifunga barabara, fainali ikahamishwa Jumamosi saa nane mchana. Kikombe kilikuwa kwa wapinzani wetu, mji wa Kelso Lake, miaka thelathini na moja sasa, na inasemekana wanakitilia karanga.

Saa nane kasorobo Madamu alichungulia kutoka chumba cha kubadilishia viatu. Nyuma ya kioo palikuwa na darasa lake lote, wamekaa wamepangana, na kila mmoja ana kofia ya sufu na pakiti ya chipsi. Mbele yao alisimama Brynlee na daftari.

"Nani kawaleta?" akanong'ona.

"Alibandika tangazo," akasema Murray. Alikuwa anajitahidi kuonekana ana huzuni. "Nilidhani ni la kuuza biskuti."

"Murray, huyu ni mjukuu wako. Mrudishe nyumbani."

"Mimi? Nimrudishe? Dada, mimi humwomba ruhusa ya kuongeza chumvi."

Darlene akafunga kamba za viatu vyake kwa hasira. "Sasa utapigaje kelele? Mimi Kifaransa sijui hata kuhesabu."

"Ishara," akasema Madamu. "Nikiinua mkono, fagieni. Nikishusha, acheni."

Ishara zilidumu raundi mbili. Mfagiaji hutazama jiwe, hamtazami nahodha. Ndiyo maana Mungu aliwapa manahodha makoo. Murray alifagia alipotakiwa kuacha, Darlene aliacha alipotakiwa kufagia, na nahodha wa Kelso Lake, Lorne, mtu mwenye masharubu na maoni, akauliza kwa sauti kama Wexley wamekuja kucheza au kuongoza ndege kutua. Mambo yalikuwa nne kwa sifuri.

Ndipo Madamu alipohisi mtu anavuta mkono wa koti lake. Brynlee alikuwa ameshuka hadi kwenye njia ya zulia kando ya barafu, mahali ambapo hakuna mtu amewahi kumwambia asishuke, kwa kuwa hakuna aliyewahi kushuka.

"Madamu," akasema, kwa Kifaransa, polepole, akiokota neno baada ya neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Babu yangu hakuelewi. Wewe huwaelewi wao. Mimi ninawaelewa wote. Wewe sema. Mimi nitawaambia."

Ingekuwa siku nyingine Madamu angelia kwa furaha. Alilia kidogo. "Asante, Brynlee," akasema. "Utanisaidia sana."

Ikaanza. Jiwe likaja. Madamu akapaza sauti kwa Kifaransa, "Fagieni! Fagieni kwa nguvu, linalegea!" na Brynlee, mikono imezunguka mdomo, akalipeleka kwa Kiingereza: "Babu! Fagia! Anasema linalegea! Na mimi naona unalegea!"

"Heshima, wewe mtoto!"

"Ni Madamu kasema!"

"Hilo la pili pia?"

"Fagia, babu, jiwe linapita!"

Jiwe likafika pale pale lilipotakiwa. Nyuma ya kioo watoto ishirini wakalipuka. Raundi iliyofuata nusu yao walikuwa wameshuka kwenye zulia, wamejipanga urefu wa barafu, wakirithishana amri za Madamu mtoto kwa mtoto, Kifaransa kikiondoka upande huu na Kiingereza kikifika upande ule. Darlene akiuliza, "Jiwe lina kasi gani?" swali lilisafiri kurudi, likaingia Kifaransa kwa Priya, na Madamu, aliyelisikia vizuri kabisa lilipotoka, alisubiri lifike, akakunja uso kwa kufikiri, akajibu. Emmett, ambaye tangu Oktoba hakuwa amevuka maneno mawili kwa mkupuo, alimweleza kwa Kifaransa kwamba yule bwana wa masharubu anasema maneno mabaya juu ya soksi zake.

Lorne alilalamika kwa mwamuzi. Mwamuzi alifungua kitabu cha sheria, akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akatangaza kwamba wakalimani hawakutajwa.

Hadi jiwe la mwisho la raundi ya mwisho, mambo yalikuwa sita kwa sita. Jiwe la Kelso Lake lilikaa ukingoni mwa duara. Glen alitakiwa kupeleka lake ndani kidogo tu ya hilo, upana wa kiganja, na kikombe ni chetu. Akarusha vizuri, ila taratibu. Kila mtu aliona kwamba bila kufagiwa halitafika.

"Fagieni!" akalia Madamu kwa Kifaransa. "Sasa hivi! Msiache!"

Brynlee aliweka mikono mdomoni. Alikuwa ametulia sana.

"Babu," akaita kwa Kiingereza, "anasema acheni. Lina nguvu ya kutosha."

Murray, ambaye kwa saa nzima hakuwa ameelewa neno la nahodha wake na kwa hiyo alishaacha kumsikiliza, akainua mfagio. Darlene akamwona, naye akainua wake.

Madamu alisikia kila neno. Ndani ya kinywa chake lilikuwapo neno moja la Kiingereza, fupi, lililonyooka, limeketi kwenye ulimi kama pipi. Aliona pia, kwa pembe ya jicho, kwamba Brynlee hatazami jiwe. Brynlee anamtazama yeye, na kalamu iko juu ya karatasi.

"Fagieni!" akapiga kelele tena, kwa Kifaransa, akaruka. "Fagieni, fagieni, jamani!" Akaruka kwa miguu yote miwili, na akiwa na kiatu kimoja cha kutelezea, kuruka huko hakukuwa salama.

Murray akasita. "Mbona anaruka?"

"Amefurahi," akasema Brynlee.

Na Madamu, aliyeyasikia hayo nayo, hakuwa na la kufanya ila kuendelea kuruka. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona mwanamke amefurahi vile. Jiwe lilikuja taratibu, likafika karibu, likafikiri, likasimama. Lilipungua unene wa kidole.

Lorne aliwapa wote mkono. Alisema karanga zimebaki nyumbani.

Chumbani, mlango ukiwa umefungwa na Darlene ameuegemea, Murray alivua glovu moja akaibamiza ukutani.

"Orysia! Ulituambia tuache! Jiwe linakufa mbele ya macho yangu, wewe unasema tuache!"

Madamu alifungua mdomo. Akisema ukweli, Murray atamgombeza mjukuu wake kabla ya chakula cha jioni. Na mjukuu, akigombezwa, atauliza swali moja tu: Madamu alijuaje nilichosema?

"Nilikosea," akasema kwa Kiingereza, kwa mnong'ono.

"Umekosea! Kikombe cha miaka thelathini na moja, umekosea!"

"Nilihisi lina nguvu."

"Na kuruka je? Ulikuwa unaruka nini?"

"Furaha," akasema Madamu.

Murray hakumsemesha siku tano. Glen, ambaye alikuwa upande wa pili wa barafu na hakusikia kitu, alimsemesha, lakini kwa mdomo mwembamba.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Brynlee. Alisimama mbele ya bango lake, fimbo ya kuonyeshea mkononi. Bango lilikuwa na mchoro wa nyigu, wa bata, wa soseji, na wa Madamu akiwa hewani. Kisha akaanza kuongea, kwa Kifaransa, na hakunyamaza kwa dakika kumi na moja. Vitenzi vyake vilikwenda mbele na kurudi nyuma kama kuku anayevuka barabara, lakini vilivuka.

"Jaribio la kwanza, nyigu. Hakuogopa. Jaribio la pili, bata. Hakucheka, alilia, kwa sababu ya mafua. La tatu, muuza nyama hajui kitu. Lakini mimi nilikuwa bado sina uhakika." Akagonga picha ya mwisho. "Jumamosi Madamu alisema fagieni. Mimi nilimwambia babu aache. Nilidanganya kwa makusudi. Lilikuwa jaribio."

Darasa likavuta pumzi kwa pamoja. Macho ishirini mara mbili yakamgeukia Madamu, ambaye eti ndiyo kwanza anapata habari. Akaweka mkono kifuani. Akakodoa macho. Alishawahi kuigiza mmoja wa mamajusi kanisani, lakini hakufikia hapo.

"Brynlee!" akasema. "Kumbe!"

"Samahani, Madamu. Ni sayansi." Akageukia wenzake. "Babu yangu anasema kila mtu mwenye akili angepiga kelele. Mtu anayejua Kiingereza angesema neno moja na kikombe kingekuwa chetu. Madamu hakusema. Alirukaruka tu, maskini." Akateremsha fimbo. "Jibu: Madamu hajui Kiingereza. Hata kidogo. Asanteni. Kuna maswali?"

Emmett aliinua mkono. "Sasa anaishije?"

Wote wakamtazama Madamu kwa huruma. Na kuanzia hapo, sijui niseme ni maumbile au ni adabu, Kiingereza kilipotea katika chumba kile kama theluji ya Mei. Walizungumza na Madamu kwa Kifaransa kwa kuwa mama wa watu hana pengine pa kwenda. Walimwonyesha vitu na kuvitaja. Priya alimsindikiza hadi kwenye gari asije akapotea kwa kushindwa kusoma vibao.

Murray alisikia habari ya jaribio kutoka kwa mtafiti mwenyewe, mezani, kati ya viazi na nyama. Inasemekana aliweka uma chini, akapiga simu kwa Madamu akacheka bila kusema neno, akakata.

Lakini Brynlee hakuridhika. Amegundua tatizo, mtu hagundui tatizo akaliacha. Jumatano, wakati wa mapumziko, alivuta kiti karibu na meza ya mwalimu na kuweka kadi tano zenye picha.

"Madamu," akasema kwa Kifaransa, "nitakufundisha. Kila siku dakika kumi. Usiogope. Sema baada yangu." Kisha kwa Kiingereza, akitenganisha kila silabi: "Mbwa."

Madamu alitazama ile kadi. Katika miaka kumi na tisa alikuwa amejiandaa kwa kila hatari isipokuwa hii. Ilimbidi aamue, hapo hapo, yeye ni mwanafunzi mbovu kiasi gani. Akafungua mdomo akatoa sauti iliyoanzia puani.

Brynlee aliifikiria.

"Umekaribia," akasema kwa upole. "Tena."

Kufikia Ijumaa ya wiki ya pili walikuwa wamemaliza mbwa, paka, na nusu ya mlango. Alasiri hiyo Brynlee alimpa Madamu bahasha iliyofungwa, apeleke nyumbani. Ilikuwa ya Glen, imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hati ya kukazana:

*Mpendwa Bwana Glen. Mke wako anajitahidi sana na ana tabia nzuri. Lakini mnapokuwa nyumbani tafadhali mzungumzishe Kiingereza zaidi. Naona hapati mazoezi.*